Shokapu za Honda ya zamani: dalili, chanzo na spea ya kutafuta

Wengi wanaofufua Honda ya zamani huanza na orodha ya ununuzi, na hapo ndipo hela inapopotelea. Mtu anaona mafuta kwenye shokapu ya mbele, ananunua sili, yaani ule mpira wa kuzuia mafuta. Wiki mbili baadaye mafuta yamerudi, ananunua sili nyingine ya bei mara tatu, nayo inavuja. Sili haikuwa na kosa tangu mwanzo. Bomba lina vishimo vya kutu, au mguu wa alumini umelika kwa ndani, na sili yoyote itakayowekwa hapo itakatwa tu. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, tunafuata chanzo, na spea inakuja mwisho. Mara nyingi utakuta cha kununua ni kidogo na cha kuokoa ni kingi.

Maelezo haya yanahusu Honda zenye shokapu mbili nyuma na shokapu za mafuta mbele, kuanzia CB750 Four iliyotoka mwaka 1969 hadi XL125S na CT110 za kuelekea 1980. Yamaha na Suzuki za umri huo zinakwenda kwa njia ileile, isipokuwa namba za spea.

Tukubaliane maneno kwanza, kwa sababu kila gereji ina yake. Bomba ni ile fimbo ya kromu ya shokapu ya mbele. Mguu ni kile kipande cha alumini cha chini ambamo bomba linaingia na kutoka. Swingamu ni mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Koni ni vikombe na goroli za kichwa cha fremu, pale usukani unapozungukia.

Nusu saa ya kupima kabla ya kufungua

Weka kreti imara chini ya injini, gurudumu la mbele liwe hewani. Shika miguu yote miwili karibu na ekseli, vuta na sukuma mbele na nyuma. Mtu wa pili aweke kidole kwenye maungio ya chini ya kichwa cha fremu. Akihisi mchezo hapo, tatizo ni koni. Kama kichwa kimetulia lakini unaona bomba likicheza ndani ya mguu, shokapu yenyewe imelika. Watu huchanganya haya mawili kila siku, kwa sababu mkononi yanahisika sawa.

Geuza usukani polepole kwa kidole kimoja, kutoka kushoto hadi kulia. Ukikwama kidogo pale katikati, kama unaoingia kwenye kijishimo, vikombe vya koni vimechimbika.

Hamishia kreti nyuma. Shika tairi, vuta kushoto na kulia huku ukiangalia pale swingamu inapoungana na fremu. Hakikisha mchezo unaouona si wa beringi za gurudumu: shika swingamu yenyewe, acha tairi, ujaribu tena.

Mwisho, shusha pikipiki chini, kandamiza mbele kwa uzito wako kisha achia. Inatakiwa ipande mara moja na kutulia. Fanya vivyo hivyo nyuma. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, hakuna kinachoizuia springi, yaani mafuta yameisha nguvu au yamekwisha kabisa.

Andika ulichokiona. Hiyo karatasi ndiyo utakayokwenda nayo dukani, si kumbukumbu.

Namba ya spea inavyosomeka

Kabla ya kuingia kwenye dalili, jifunze kusoma namba ya Honda, maana ndiyo inayofungua milango ya maduka ya nje. Namba ina mafungu matatu. Tarakimu tano za kwanza zinasema ni kitu gani. Fungu la katikati linasema kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya modeli ipi. Fungu la mwisho ni toleo au rangi.

Kwa hiyo 51410 ni bomba la shokapu ya mbele, 51420 na 51520 ni miguu ya kulia na kushoto, 51401 ni springi ya mbele, 52400 ni shokapu nzima ya nyuma. Katikati, 300 ni CB750 ya mwanzo, 323 ni CB500 Four, 377 ni CB400F, 437 ni XL125S, 459 ni CT110. Kwa modeli zilizokuja baada ya hapo Honda ilianza kuchanganya herufi na tarakimu katikati, kwa hiyo ukikutana na fungu lenye herufi ujue spea hiyo asili yake ni pikipiki ya baadaye.

Faida yake ni hii: fungu la katikati halisemi spea inaingia kwenye pikipiki gani tu, linasema ilianzia wapi. CB500 inaweza kuwa na spea yenye 300 katikati, maana yake Honda walichukua kitu cha CB750 wakakitumia tena. Ukikosa spea kwa jina la modeli yako, itafute kwa namba nzima. Mara nyingi utaikuta imeorodheshwa chini ya pikipiki ambayo hukuifikiria, na kwa bei nafuu kwa sababu hiyo pikipiki haina wapenzi wengi.

Tarakimu tatu za mwisho zikipanda, kwa mfano kutoka 000 kwenda 003, spea imeboreshwa na toleo jipya huchukua nafasi ya la zamani. Kinyume chake si salama kila mara.

Picha za spea zilizotawanywa pamoja na namba zake zinapatikana bure kwenye tovuti za wauzaji wakubwa wa Honda za zamani, kama CMSNL ya Uholanzi na David Silver Spares ya Uingereza. Hata kama hutanunua kwao, namba utaipata. Usiamini jina lililo kwenye tenki wala mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Soma namba ya chasisi kwenye kichwa cha fremu. Pikipiki ya miaka 45 imeshabadilishwa tenki, na mara nyingine imeshabadilishwa mbele yote.

Mafuta yanapanda kwenye bomba la kromu

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo yenye majibu mengi.

Futa bomba likauke, pitisha ukucha kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama, kuna kishimo. Sasa angalia kiko wapi. Eneo linalojali ni lile tu linalopita kwenye sili, yaani kuanzia mdomo wa mguu kwenda juu kwa kadiri shokapu inavyozama. Funga uzi au kibanio cha plastiki kwenye bomba, endesha kwenye barabara mbovu, kitakuonyesha mwisho wa eneo hilo. Kutu iliyo juu zaidi, chini ya taa au ndani ya vishikio vinavyolibana bomba juu, ni ya sura tu. Usitupe bomba kwa ajili yake.

Kishimo kimoja au viwili vidogo kama ncha ya pini vinazibika. Safisha kwa brashi ya waya na petroli hadi kutu yote itoke, jaza gundi ngumu ya epoksi ya kuchanganya, iache saa 24, kisha sugua kwa msasa namba 1000 na kumalizia na 2000 ukizungushia ubao mdogo bapa nyuma ya msasa. Ukisugua kwa kidole utachimba pembeni na kuacha kilima. Matengenezo haya ya uvumilivu hukaa miaka kwenye pikipiki isiyokimbizwa. Kromu ikiwa inabanduka kwa maganda, epoksi haisaidii.

Hapo unahitaji kromu ngumu. Sisitiza neno ngumu. Kromu ya mapambo, inayopakwa kwenye bampa na vishikio, inakaa juu ya nikeli na itachunika chini ya sili ndani ya miezi. Kromu ngumu huwekwa moja kwa moja juu ya chuma baada ya ile ya zamani kuondolewa, kisha hukwanguliwa kwa jiwe la mashine hadi kipimo. Mahali pa kuulizia si kwa fundi pikipiki. Nenda kwa wanaotengeneza silinda za hidroliki za tipa na makatapila, kwa sababu fimbo za silinda zile ni kazi ileile. Mpe kipimo cha bomba kama lilivyo sehemu isiyolika, chini kabisa au juu kabisa, kwa vernia au bora maikromita. Bomba la CB750 ni milimita 35, la CB400F ni 33. Mkabidhi na mguu wake, aone linavyoingia.

Kuna anayependekeza kukereza bomba jipya kutoka kwenye bomba lolote la chuma linalolingana unene. Kataa. Bomba la shokapu linabeba uzito wote wa breki, na bomba la maji au la fanicha hupinda siku ya kwanza ya kufunga breki kwa nguvu. Mabomba mapya ya modeli nyingi za zamani hutengenezwa na TNK ya Italia, na Forking by Frank ya Marekani hutengeneza kwa kipimo. Ukiagiza, mwambie muuzaji ayatie ndani ya bomba la PVC lenye vifuniko. Kwenye boksi la karatasi hufika na kovu, na kovu moja kwenye kromu mpya ni sawa na kishimo.

Kabla ya kulipia kromu, hakikisha bomba halijapinda. Lizungushe juu ya kioo kinene. Mwanga ukionekana kufunguka na kufunga chini yake, limepinda. Ingiza geji ya unene mahali penye mwanya. Kikomo ambacho Honda hukitaja kwa kawaida ni mpindo wa milimita 0.2. Mpindo mdogo usio na mkunjo hunyooshwa kwa presi. Penye mkunjo wa kuonekana, chuma kimeshachoka, na bomba hilo ni la kutupa.

Sasa mguu. Honda nyingi za wakati huo hazina bushi, yaani kijibomba cha kutelezea, ya kubadilisha ndani ya mguu. Bomba linateleza moja kwa moja kwenye alumini, na vumbi la barabara ya udongo likiingia kwa miaka, alumini inalika kwa umbo la yai karibu na mdomo. Chomeka bomba safi, lisilo na sili, ndani ya mguu, livute hadi karibu na mwisho, na litikise. Mchezo halali ni wa sehemu za mia za milimita, hauonekani kwa macho. Ukiuona, mguu umekwisha, na hakuna sili itakayoshikilia bomba linalotikisika. Una njia mbili: kutafuta mguu wa mtumba wenye hali nzuri, au kumpa fundi wa kukereza apanue mdomo na kutia bushi ya bronzi ya urefu wa milimita 25 hadi 30. Njia ya pili ikifanywa kwa mashine iliyonyooka, mguu unakuwa bora kuliko ulipotoka kiwandani. Ikifanywa kwa kubahatisha, bomba linakwenda upande na shokapu inakuwa nzito. Fundi asipokuwa na mashine ya kushika mguu katikati sawasawa, usimwachie.

Sili zenyewe ni sehemu rahisi. Kipimo kimeandikwa usoni mwake: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Vipimo kama 31 x 43 x 10.5, 33 x 46 x 11 na 35 x 48 x 11 viko sokoni kwa sababu pikipiki nyingi mpya zinavitumia. Pima bomba, pima kitako cha sili ndani ya mguu, nenda nayo dukani. Kipenyo cha nje lazima kiwe sawa kabisa. Unene unaweza kupungua milimita moja kama bado klipu inakaa kwenye mfereji wake na unaweka washa ya kujaza nafasi, hauwezi kuzidi.

Na hapa ushauri unaowakera wakusanyaji: usinunue sili za zamani zilizokaa kwenye pakiti yake tangu 1975. Chuma kilichokaa stoo miaka 50 ni hazina. Mpira uliokaa stoo miaka 50 ni plastiki ngumu yenye bei kubwa. Nunua chuma cha zamani na mpira mpya. Kanuni hiyo inagusa pia shokapu za nyuma zilizo mpya kwenye boksi: ndani yake zina sili, na sili hizo zimezeeka pamoja na boksi.

Wakati wa kufunga, upande wenye kispringi chembamba unaelekea kwenye mafuta, yaani chini. Funika ncha ya bomba kwa mfuko wa plastiki uliopakwa mafuta, sili isikatwe na ukingo. Igongee chini kwa bomba la PVC la kipenyo kinacholingana na sili, kidogo kidogo, kwa usawa, hadi mfereji wa klipu uonekane wote.

Mafuta yanaonekana chini, karibu na ekseli

Usiguse sili. Chini ya mguu kuna bolti ya alenki inayoshika fimbo ya ndani, na chini yake washa ya shaba. Pembeni kuna skrubu ya kumwagia mafuta yenye washa yake. Moja kati ya hizo mbili ndiyo inayovuja, na zote mbili ni za bei ya soda. Washa ya shaba ya zamani inaweza kulainishwa tena kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu na kuiacha ipoe.

Shida ni kufungua ile bolti, maana fimbo ya ndani huzunguka nayo. Ifungue kabla hujatoa springi na kifuniko cha juu, ili springi iendelee kukandamiza fimbo. Ikigoma, toa springi, chonga ncha ya mpini wa fagio iwe mwembamba, usukume ndani uishike fimbo huku mwenzako akifungua.

Mbele inazama sana, au inagonga mwisho

Mwaga mafuta kwanza. Yakitoka meusi na mepesi kama maji, umepata nusu ya jibu. Honda nyingi za wakati huo ziliruhusu mafuta ya gia za otomatiki, ATF, na hayo yanapatikana kila mji. Mafuta ya shokapu ya namba 10 yanakaribia uzito huo.

Kama kitabu cha modeli yako hakipo, usikisie kwa kikombe. Toa springi, bonyeza bomba hadi chini kabisa, mimina mafuta, pandisha na shusha mara kumi hewa itoke, kisha pima kwa rula kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa mafuta. Anza na milimita 150, pande zote mbili sawa kabisa. Ikizama bado, ongeza mafuta hadi kipimo kiwe 140. Ikiwa ngumu mwishoni mwa safari, yaani inapokaribia kuzama yote, punguza mafuta hadi kipimo kiwe 160. Hewa iliyobaki juu ya mafuta ni springi ya pili, ndiyo maana milimita 10 zinasikika. Ukijaza kupita kiasi, hewa hiyo hubanwa hadi kusukuma sili nje, na utarudi kwenye dalili ya kwanza.

Sasa springi. Kaa juu ya pikipiki ukiwa umevaa unavyoendesha, mtu apime shokapu imeshuka kiasi gani kutoka pale ilipokuwa gurudumu likiwa hewani. Robo hadi theluthi ya safari yote, yaani umbali wote ambao shokapu inaweza kuzama, ni sawa. Kwa shokapu yenye safari ya milimita 140 hiyo ni kama 35 hadi 47. Ikizidi, springi zimechoka au wewe ni mzito kuliko Mjapani wa majaribio. Springi iliyochoka hupungua urefu, kwa hiyo zilinganishe mbili zako zikiwa wima mezani. Tofauti ikiwepo, badilisha zote mbili.

Kabla ya kununua, jaribu kipande cha bomba la PVC la milimita 10 hadi 20 juu ya springi. Lakini fanya hesabu kwanza. Zidisha idadi ya mizunguko kwa unene wa waya: mizunguko 55 ya waya wa milimita 4 ni 220. Springi yenye urefu wa 480 ikibaki na 220 tu imebanwa yote, nafasi yake ni 260. Safari 140 jumlisha kipande 20 ni 160, kwa hiyo upo salama. Hesabu isipotosha, springi itafunga kabla ya mguu kufika mwisho, na kitakachovunjika ni kifuniko cha juu.

Kuikata springi kunaifanya iwe ngumu zaidi, si laini, kwa sababu mizunguko iliyobaki ni michache. Ukiondoa sehemu moja ya kumi, ugumu unapanda kama asilimia 11, na nafasi iliyobaki lazima ijazwe kwa bomba. Ni njia halali kwa mbeba mizigo, ila springi ya asili ukishaikata huwezi kuiunga.

Mbele ni ngumu, haishuki vizuri

Kabla ya kulaumu bomba, legeza vishikio vya ekseli upande mmoja, funga breki ya mbele, bonyeza usukani chini mara kadhaa, kisha kaza vishikio. Miguu iliyokazwa ikiwa imevutwa pamoja ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko haya, na haina gharama. Tatizo likibaki, pima mabomba kwa kioo, kisha yalaze yakiwa ndani ya vishikio vyake juu ya kioo hichohicho. Bomba zuri ndani ya kishikio kilichopinda hufanya kazi kama bomba bovu.

Kugonga kwenye mashimo, na usukani unaokwama katikati

Hizi ni koni. CB750 inachukua goroli 37 za robo inchi: 18 juu, 19 chini. Honda ndogo nyingi, kama C70, zinachukua 42 za inchi 3/16, yaani 21 kila upande. Honda huziita namba 8 na namba 6, na namba hiyo ni idadi ya sehemu za inchi iliyogawanywa mara 32. Ukishajua hilo, goroli unazinunua kwenye duka la beringi bila kutaja pikipiki kabisa.

Usibadilishe goroli peke yake. Vikombe vikiwa na vidoti, goroli mpya zitavifuata vidoti vilevile. Namba ni 50301 na 50302 kwa vikombe vilivyo ndani ya fremu, 53211 na 53212 kwa vya kwenye mhimili wa usukani. Ukivikosa, seti za koni za bodaboda zinaweza kukubali. Chukua vipimo vitatu: kipenyo cha nje cha vikombe viwili vya fremu, kipenyo cha ndani cha vile viwili vya mhimili, na urefu wa jumla vikiwa vimekaa na goroli. Kipimo kimoja kikipishana hata nusu milimita, rudisha. Kikombe kinachocheza ndani ya fremu hakishikwi na gundi.

Kikombe cha fremu kikiwa hakina ukingo wa kugongea, piga mstari mmoja wa welding ndani yake. Kikipoa kinasinyaa na kuanguka chenyewe. Kipya kiwekwe friza usiku kucha, kisha kigongwe kwa kutumia kile cha zamani kikiwa juu yake.

Nyuma inadunda kama mpira

Shokapu za nyuma za asili zilifungwa kiwandani zisifunguliwe. Rodi ikiwa na unyevu wa mafuta, au ukiivuta na kuisukuma bila springi ikakubali bila ubishi, imekufa.

Kwa mtu anayetaka sura ya asili, thamani iko kwenye springi, vifuniko na mfuniko wa juu wa kromu, si kwenye silinda iliyofichika. Tafuta shokapu nyingine yenye silinda nzima ukahamishe nguo. Pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, kipenyo cha bolti, upana wa bushi, kama chini ni tundu au uma, na kipenyo cha ndani cha springi. Urefu ukizidi au kupungua kwa milimita 10 unavumilika. Zaidi ya hapo stendi ya pembeni inashindwa, mnyororo unagusa swingamu, na usukani unabadilika tabia.

YSS ya Thailand, Hagon ya Uingereza na IKON ya Australia wanatengeneza shokapu kwa modeli nyingi za zamani. Shokapu za Boxer na TVS kutoka Kariakoo au Kirinyaga Road zinaweza kufaa kwa Honda ndogo kwa vipimo, ila pima zote mbili dukani: jozi moja kwenye pakiti moja si lazima zilingane.

Njia ya gereji, pale silinda ya asili ni lazima ibaki: kutoboa tundu dogo juu ya silinda, kukata nyuzi za M6, kumwaga mafuta machafu, kujaza mapya na kufunga kwa bolti yenye washa ya shaba. Inafanya kazi kama sili bado ni nzima, na tu kwa shokapu isiyo na gesi. Usijaze pomoni. Rodi ya milimita 10 ikizama milimita 80 inachukua nafasi ya cc 6 hivi, na mafuta hayabanwi. Jaza rodi ikiwa imezama yote, kisha acha cc 10 za hewa. Ukisahau, shokapu itakuwa chuma kitupu na sili itaruka kwenye tuta la kwanza.

Kwa Yamaha DT za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 zenye shokapu moja chini ya tenki, habari hii ya kutoboa ni marufuku kabisa. Ndani kuna naitrojeni yenye mgandamizo. Hiyo ipelekwe kwa mwenye vifaa vya gesi, au ibadilishwe nzima.

Nyuma inayumba kwenye kona

CB750 na nduguze walipewa bushi za swingamu za nyuzi na resini, ngumu kama mbao. Zikikosa grisi zinageuka unga. Spea ya asili ikipatikana itachakaa vilevile, kwa hiyo hapa kushikilia asili hakuna maana: hakuna anayeziona. Kereza za bronzi. Nje zibane kwenye swingamu kwa tofauti ya milimita 0.03 hadi 0.05, ndani zipigwe rima (kifaa cha kupanua tundu kwa kipimo) baada ya kuingizwa, kwa kuwa zikibanwa hupungua, ziache nafasi ya 0.05 hadi 0.1 kwa mhimili. Chonga mfereji wa grisi unaokutana na nipeli. Nailoni nyeusi inayopendwa na mafundi wengi hufyonza unyevu na kuvimba. Msimu wa mvua swingamu inakaza.

Mhimili wa swingamu ulioshikana na kutu usipigwe nyundo hadi ncha iote uyoga. Mwagia mafuta ya kupenya siku tatu, pasha moto, jaribu kuuzungusha badala ya kuusukuma. Ukigoma kabisa, pitisha msumeno wa chuma kati ya fremu na swingamu, kata pande zote mbili, na ununue mhimili mpya.

Honda ndogo, C70, C90 na jamaa zao, zina bushi za mpira uliogandishwa kwenye chuma. Hizo hazipakwi grisi kamwe, na zina kanuni moja inayosahaulika: nati ya mhimili ikazwe pikipiki ikiwa imesimama chini kwa uzito wake, mtu akiwa juu. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unabaki umesokotwa maisha yake yote, na utachanika kabla ya mwaka kwisha huku ukidhani umeuziwa feki.